Samli Ubavuni mwa Ndege

Mama yangu alinifundisha kununua ng'ombe kabla sijajua kusoma, na kwa somo hilohilo, nikiwa mtu mzima mwenye mvi, nilinunua ndege. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi Musoma wakisikia nina ndege, au tuseme nusu ya ndege, hunitazama kama mtu aliyeokota kitu. Sikuokota. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, nikaacha chaki, nikafungua duka la vipuri vya injini za mitumbwi pale Nyakato, hapahapa Musoma, na kwa miaka mingi mikono yangu ikanuka petroli siku sita za wiki. Siku ya saba nilinawa, nikaenda kanisani, nikakaa karibu na dirisha ili nitazame mawingu. Kurusha ndege nilijifunza kwa likizo fupifupi. Nusu ya pili ya ndege ni ya rafiki yangu, mnunuzi wa pamba wa Bunda, ambaye ana shamba lenye kipande kirefu cha nyasi kilichonyooka. Hapo ndipo ndege yetu inapolala.

Ni ndege ya viti vinne, mabawa yake yako juu ya madirisha, na umri wake hauko mbali na wangu. Hapo ndipo wengi hushtuka. Ndege nzee! Lakini nieleze kidogo, maana jambo hili si gumu. Gari likizeeka, mwenye nalo huliendesha mpaka limkatae. Ndege haingojewi mpaka ikatae. Kila baada ya saa kadhaa za kuruka inafunguliwa, inakaguliwa, kilicholika kinabadilishwa, na fundi anaandika kitabuni alichokiona na alichokifanya, kisha anatia saini. Kwa hiyo anayenunua ndege iliyotumika ananunua vitu viwili, ndege na vitabu vyake, na kama vitabu havipo, hata ing'ae namna gani, arudi nyumbani akanywe chai.

Aliyetuuzia alikuwa mzee mkulima wa upande wa Arusha aliyeanza kushindwa kuona vizuri. Nilikwenda na fundi, mama wa makamo kutoka Mwanza, mwenye leseni ya kazi hiyo na ulimi usio na leseni yoyote. Njiani nilimsimulia mafundisho ya mama yangu. Usinunue ng'ombe aliyelala, mwombe mwenyewe amwinue, atembee, anywe maji, akojoe ukiona. Usimsifu mbele ya mwenye naye. Na ukikuta kiwele kimejaa kupita kiasi, jua jana hakukamuliwa, kusudi uje udanganyike.

Fundi alicheka mpaka akafuta macho. Lakini tulipofika, kabla hata ya kumaliza salamu, aliupitisha mkono wake kwenye uwazi wa mbele na kuigusa injini.

"Imepoa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Huyu hajaficha kiwele."

Injini iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika huwaka kwa urahisi na kuficha uvivu wake wa asubuhi. Hii iliwaka ikiwa baridi, kwa kukohoa mara mbili tu. Niliomba iruke, nikaomba itue, nikaomba iruke tena. Sikuisifu. Yule mzee aliniangalia akatabasamu.

"Wewe umetoka kwa wafugaji," alisema.

"Kidogo, baba."

"Hakuna mfugaji wa kidogo."

Kwenye vitabu, fundi aligundua pengo la karibu miaka miwili ambayo ndege haikuruka hata mara moja. Hili pia nilieleze, kwani linawaponza watu wenye huruma. Mtu hudhani ndege iliyopumzishwa ni ndege iliyotunzwa. Kinyume chake. Injini ikikaa kimya muda mrefu, oili huteremka chini, kuta za silinda hubaki uchi, na unyevu huzila taratibu. Tulichungulia ndani, tukakuta silinda moja ina kutu na nyingine zote salama. Ikabadilishwa kabla ya sisi kuondoka nayo. Mpaka leo nikipitisha wiki mbili bila kuruka, najisikia kama mtu aliyemwacha ng'ombe bila kukamuliwa.

Lakini hayo yote yalikuwa mepesi. Kilichobaki ni kumwambia mama.

Mama anaishi upande wa Butiama, ukishika njia ya kwenda Buhemba. Nilimkuta uani anapepeta mtama. Tunaongea Kiswahili pale tu mgeni anapokuwepo, kwa hiyo maneno yake nayaandika hapa kama ninavyoyakumbuka, siyo kama yalivyosikika.

"Umenunua na nani?"

"Na yule rafiki yangu wa Bunda."

"Mtapasuana vichwa huko juu mkigombea kiti."

"Hatuwezi, mama. Mmoja akiendesha, mwenzake anakaa."

"Inakula nini?"

"Petroli."

"Ikiumwa?"

"Kuna fundi, anatoka Mwanza."

"Mganga wa mbali," alisema, akapuliza makapi. "Ng'ombe wa mganga wa mbali hufa jioni."

Nilicheka, naye akacheka. Kisha akauweka ungo chini na uso wake ukabadilika. Alinikumbusha, bila kutaja majina yao, kwamba amezika watoto wawili na mimi ndiye niliyebaki. "Ukianguka barabarani nitakimbia nifike," alisema. "Hata kama ni mbali, nitafika. Huko juu nitafikaje? Ruka, maana umeshakuwa mtu mzima. Lakini usiniombe nikibariki hicho chombo."

Kwa msomaji wa mahali pengine neno hili linaweza kuonekana dogo. Kwangu halikuwa dogo. Sijawahi kuanza jambo kubwa bila ridhaa ya mama. Nilipokwenda chuo cha ualimu alinishika kichwa. Nilipooa alinipaka samli kwenye paji la uso mbele ya mchungaji, na mchungaji, ambaye naye ni mtoto wa boma la wafugaji, akasubiri amalize. Nilipofungua duka alikuja akagusa mlango. Kwetu kitu kipya chenye uzima ndani yake hakiingii nyumbani kikavukavu. Ndama akizaliwa anapakwa samli kwenye paji, mgongoni na ubavuni, na hapo ndipo anakuwa wa boma. Ndege yangu ilikuwa haijawa ya boma. Kila nilipoushika usukani niliiona kama kitu nilichoazima.

Miezi ikapita. Nilikwenda Mwanza kuchukua vipuri na kurudi kwa muda ambao zamani ungeniishia kwenye kusubiri basi lijae. Nilijifunza adabu za kufuga ndege kando ya ziwa. Vile vijidudu vinavyoinuka kutoka majini kama moshi hukwama kwenye kichujio cha hewa, kwa hiyo huwa nakisafisha kabla hakijalalamika. Nyigu hupenda kila kitundu na hujenga nyumba kwa asubuhi moja. Ng'ombe wa jirani walikuja kujikuna kwenye mkia wa ndege na kuulamba ubavu wake, tukazungushia seng'enge. Nilizunguka ndege yote kabla ya kila safari, nikigusa kila kitu kwa kidole kama nilivyofundishwa. Lakini Jumatano, nikiruka kwa mazoezi upande wa Butiama, kila nilipopita juu ya bati la mama nilitazama mbele tu, kama mtoto anayepita mbele ya mzazi na kiatu kilichochanika.

Siku moja akanipigia simu.

"Jumatano zote unapitaga juu ya paa langu," alisema.

"Nakusumbua, mama?"

"Unanisumbua. Kila ikipita naiombea kwa siri, na mimi nilisema siibariki. Nimechoka kumdanganya Mungu. Jumamosi njoo unichukue."

Jumamosi hiyo nilimleta Bunda kwa gari. Alivaa kitenge chake cha kanisani, na mapajani alikishikilia kibuyu kidogo ambacho nakifahamu tangu utoto. Fundi alikuwa pale tangu asubuhi na mapema. Alikuwa amemaliza kubadilisha oili, na mimi kwa mazoea nikaizunguka ndege, nikagusa kila kitu, nikaridhika. Kisha nikakumbuka nimeacha miwani kwenye gari, nikaenda kuichukua. Huko rafiki yangu mwenye shamba akanipigia simu kutoka mnadani, nasi tukaongea kidogo habari za mvua.

Niliporudi niliwakuta wanawake wawili wanataniana.

"Shikamoo, mama. Karibu sana," fundi alikuwa akisema, mikono yake bado inachuruzika maji ya kunawa.

"Marahaba. Wewe ndiyo mganga wa Mwanza?"

"Ndiyo mimi. Mtani wako."

"Msukuma naye ananitibia ndege! Basi itaruka polepole, inasalimia kila wingu."

"Na ingetibiwa na watu wa Mara, mama, ingepiga kwanza mawingu ndiyo isalimie."

Mama alicheka akamgonga begani. Nikaona kibuyu kiko wazi na vidole vyake vinang'aa. Alikuwa amekwisha kuanza. Alimaliza mbele yangu. Aliweka samli kwenye kile kikofia cha mbele kilicho katikati ya panga linalozunguka, akaweka kiganja kwenye bawa pale alipofikia, akasema maneno ya kwetu, kisha akasema Baba Yetu mpaka mwisho. Mimi na fundi tuliitikia amina. Macho yangu yalijaa. Miaka yote ya ualimu nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba mwanga hupinda ukipita kwenye maji, na asubuhi ile dunia yote ilipinda.

"Sasa nenda uirushe, niione ikiwa na samli," mama alisema.

Nikaingia, nikafunga mkanda, nikawasha. Sikuizunguka tena. Nilikuwa nimeshaizunguka.

Niliondoka vizuri. Nyasi ziliisha, mashamba ya pamba yakaanza kushuka chini yangu, upande mmoja ziwa likatokea. Nikatazama kipimo cha kimo. Mshale ulikuwa palepale nilipouacha ardhini, futi elfu nne na kitu, kimo cha shamba lenyewe. Nikakigonga kwa kidole. Haukusogea. Miti ilikuwa imekuwa midogo kama mboga, na kipimo kikasisitiza kwamba bado nimesimama kwenye nyasi. Kisha kipimo cha mwendo kikaanza kushuka, ingawa injini ilinguruma kama kawaida na upepo ulikuwa uleule.

Hapa nitaeleza, na nakuomba usiwe na haraka, kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Ndege hujua iko juu kiasi gani kwa kunusa hewa. Ubavuni upande wa kushoto kuna kitundu kidogo, hata punje ya mtama haingii. Hewa hupita hapo mpaka kwenye vipimo, cha kimo na cha mwendo pia. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi, mshale unasogea. Kitundu kikizibwa, hewa ya mahali kilipozibwa inabaki imefungiwa ndani, na vipimo vinaendelea kusoma hewa ya pale chini huku wewe uko juu. Ndege nyingi za siku hizi zina njia ya pili ya kunusa. Yangu, kwa umri wake, haina.

Sikuogopa mara moja. Nilikumbuka nilivyofundishwa: ukiona kipimo cha mwendo kinashuka, usikimbilie kuinamisha pua, sikiliza kwanza. Nikasikiliza injini. Nikaangalia upeo wa macho umekaa wapi kwenye kioo. Ndege ilikuwa nzima, ila ilikuwa inadanganywa. Nikageuka polepole kurudi, nikishuka kwa macho, na ndipo nikaona jambo ambalo nililijua kwenye karatasi tu. Kadiri nilivyokaribia kimo cha shamba, vipimo vilianza kusema kweli tena, kwa kuwa hewa iliyofungiwa ndani ilikuwa ya palepale nyumbani. Nilipovuka seng'enge kila kitu kilikuwa sahihi. Nikatua. Mama alikuwa anapiga vigelegele.

Fundi aliuona uso wangu kabla sijafungua mlango. Alikuja, nikamwambia kwa maneno machache. Aliinama ubavuni, akapitisha kidole, akakiinua. Kiling'aa.

"Samli," alisema.

"Tafadhali, usimwambie."

"Kwa nini?"

"Ataona Mungu ameikataa. Ataona mkono wake ndio ulitaka kuniua. Hataibariki tena, na mimi sitaweza kuirusha."

Fundi alifuta kidole kwenye kitambaa bila haraka. "Na safari ijayo akija na kibuyu chake, wewe uko dukani, nitamwambia nini? Mimi nilikuwa nimeinama naosha mikono, sikumwona. Hilo ni kosa langu, nitaliandika kitabuni. La kwako mwambie mwenyewe."

Nilikwenda. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa bawa, amekikumbatia kibuyu. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia kila kitu. Kwamba kuna kitundu ubavuni. Kwamba kilikuwa kimezibwa. Kwamba ndiyo sababu nilirudi mapema.

Aligeuka akautazama ubavu wa ndege. Nilisikia injini ikipoa, ile sauti yake ndogo ya chuma kinachojikunja.

"Nilikiona," alisema hatimaye. "Nilidhani ni kidonda. Ndama akiwa na kitundu cha kupe hivi, unakiziba kwa samli, inzi asiingie. Nikakiziba vizuri kabisa."

"Hukukosea, mama."

"Nyamaza. Sijamaliza." Alinitazama. "Wewe ulikuwaga mwalimu. Watoto wa watu umewafundisha. Huyu Msukuma anajua, rafiki yako anajua, hata wale wavuvi wako wa Kiriba naambiwa umewaeleza ndege inavyoruka mpaka chai ikapoa. Mimi umenieleza nini? Umenileta kwa mnyama nisiyemjua, ukaniacha nimpake, hukunionyesha pua yake iko wapi."

Ni kweli. Nilikuwa nimeomba baraka yake kwa miezi yote ile na sikuwahi kufikiri kwamba angetaka kuelewa anachokibariki. Nilimhesabu kuwa mtu wa kupaka samli. Yeye ndiye aliyenifundisha kuutazama mguu wa ng'ombe anapotembea, na mimi nikadhani tundu la hewa litamshinda.

"Inuka," alisema. "Nionyeshe."

Tukaizunguka pamoja. Hiyo ndiyo saa bora niliyowahi kufundisha, na darasa lilikuwa na mwanafunzi mmoja wa miaka sabini na kitu. Nilimwonyesha kile kijiti chenye tundu chini ya bawa kinachopokea upepo wa mwendo, akauliza nyigu wanazuiwa na nini wasiingie. Nilimwonyesha tundu la ubavuni, nikamweleza kwamba likiwa wazi mshale wa kimo husogea ndege ikipanda, akaweka sikio. Aliuliza kama samli ingeyeyuka yenyewe juani. Fundi akajibu ingeyeyukia ndani, ndiyo mbaya zaidi. Aliuliza magurudumu yanaruhusiwa kupakwa, tukamwambia hapana, mafuta yanaharibu mpira na breki. Akakuna kichwa.

"Mnyama gani huyu hapakwi popote?"

"Paji la uso, mama," fundi alimwambia, akigonga kile kikofia cha mbele. "Hapa paka mpaka uchoke. Mimi nitapangusa nikija."

"Basi hapo," alisema mama. "Hata ndama ukimpaka paji tu, anajua kwao."

Fundi alifungua mfereji mwembamba wa hewa, akausafisha, akajaribu vipimo mpaka akaridhika, kisha akaandika kitabuni kwa mwandiko wake mzuri kwamba kitundu kiliziba kwa samli na kimesafishwa. Ukurasa ule upo. Atakayeinunua ndege hii baada yetu atausoma, na kama ametoka kwa wafugaji, hatauliza.

Wiki mbili baadaye mama alinipa mfuko. Ndani mlikuwa na vifuniko viwili alivyovishona kwa mkono, kimoja cha kijiti cha bawani na kimoja chenye kidole kidogo cha kuziba tundu la ubavuni ndege ikiwa imelala. Alivishona kwa kitambaa chekundu cha shuka, na kila kimoja kina ulimi mrefu unaopepea, ili hata mpumbavu asiweze kuondoka navyo. Hilo la mpumbavu ni neno lake. Fundi anasema kwenye viwanja vikubwa vifuniko vya namna hiyo vipo, vinanunuliwa. Vya kwangu haviuzwi.

Namshukuru Mungu kwa mambo mengi, na mengi yako kwenye ukurasa huu: mzee aliyetuuzia bila kuficha kiwele, fundi aliyekataa kuninyamazia, rafiki aliyenipa nyasi zake. Lakini kubwa kuliko yote lilikuja siku mama alipotia samli kwenye paji la ndege, akafuta vidole kwa kitambaa alichokuja nacho kwa kazi hiyo, akanisimamia mpaka nilipoizunguka upya, kisha akasema, "Leo sibaki chini."

Nilimfunga mkanda. Nilikuwa nimepanga njia yote kwa ajili yake. Tungepita juu ya barabara ya kwenda Butiama, aione migongo ya milima yenye mawe, aione nyumba yake na zizi, na bati lile ambalo nimelipita mara nyingi bila kulitazama. Tulipofika niliilaza ndege ubavu kidogo ili alione vizuri.

"Mama, tazama chini. Kwako ni pale."

Hakutazama. Tangu magurudumu yalipoacha nyasi alikuwa amekaza macho kwenye mshale wa kipimo cha kimo, mikono imeshika kibuyu mapajani, na midomo inacheza taratibu.

"Unasogea," alisema.